The Way Home, huduma ya wasio na makazi hapa Houston: nimeifuatilia kwa karibu, haya ndo maoni yangu

Nawapa maksi kwanza halafu nieleze. Kumtoa mtu barabarani na kumkabidhi ufunguo, nyota tano. Kumsaidia asimame kwa miguu yake baada ya hapo, nyota tatu. Kuwafikia watu wetu wa Kiswahili ambao hawalali nje ila wamejibanza sebuleni kwa ndugu, nyota moja, na hiyo sio wao peke yao wa kulaumiwa, nitafika huko.

Kwa wasioijua, The Way Home sio jengo, usije ukazunguka dauntauni unatafuta kibao. Ni muungano wa mashirika zaidi ya 100 ya Houston na kaunti za Harris, Fort Bend na Montgomery ambayo yameamua kufanya kazi ya watu wasio na pa kulala kwa pamoja badala ya kila mtu na lwake. Anayeshika usukani anaitwa Coalition for the Homeless, na yeye kazi yake kubwa ni kuwaunganisha wenzake: jiji, kaunti, mamlaka za nyumba zenye vocha za kulipia kodi, idara ya wanajeshi wastaafu, Harris Center kwa mambo ya afya ya akili, Healthcare for the Homeless kwa tiba, SEARCH wenye kesi woka (wafanyakazi wanaofuatilia kesi ya mtu mmoja mmoja) wanaopita mpaka chini ya madaraja, The Beacon pale dauntauni ambapo mtu anaoga, anafua na anapata chakula cha moto, Salvation Army, Star of Hope, New Hope Housing wenye majengo ya vyumba vya bei ndogo, na wengine wengi. Mimi nimewajua kupitia kujitolea na kanisa, halafu zaidi kwa kumtafsiria baba mmoja Mkongomani aliyeletwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Jina lake silitaji, yeye mwenyewe ameniruhusu niseme mengine.

Ili uelewe kwa nini nasifia lazima ujue zamani ilikuwaje. Mwaka 2011 walipohesabu watu wanaolala nje na kwenye shelta (nyumba za kulala za muda za wasio na makazi) eneo hili walikuta zaidi ya 8,000. Sio kwamba misaada haikuwepo, ilikuwepo tele, ila kila shirika lilikuwa na foleni yake, fomu zake, masharti yake, na mtu mgonjwa ndo alitakiwa azunguke kote huko kujieleza upya. Kwa wanajeshi wastaafu mchakato wa kutoka barabarani mpaka kwenye nyumba ulikuwa unachukua siku 720 na hatua 76. Yaani karibu miaka miwili! Nani anayelala chini ya daraja ataweza kufuatilia hatua 76? Mwaka 2012, Annise Parker akiwa meya, wakakubaliana kuwe na orodha moja, mfumo mmoja wa kompyuta, na maswali yale yale kwa kila mtu haijalishi umeingilia mlango gani. Meya aliyefuata, Sylvester Turner, akaendeleza palepale bila kubomoa cha mwenzake, jambo ambalo sisi tuliotoka kwetu tunajua lilivyo adimu. Kufikia 2015 wakatangaza kila mwanajeshi mstaafu aliyekuwa barabarani anayetaka nyumba anaipata, na kufikia 2022 walishaingiza kwenye nyumba watu zaidi ya 25,000 na ule muda ukawa siku 32. Hesabu ya 2024 ilikuwa kama watu 3,300. Hata baada ya kimbunga Harvey cha Agosti 2017, ambacho kilifanya idadi ipande, waliirudisha chini.

Sasa hiyo orodha moja ndo roho ya hii huduma, na watu wengi wanaotoa misaada hawaelewi hilo, wanadhani roho ni hela. Hela ni lazima, sikatai. Lakini nimeona kwa macho yangu kesi woka wa shirika moja anampigia mwenzake wa shirika lingine kabisa, la dini nyingine, anamwambia "huyu baba wangu ana sukari, nyie mna nesi Alhamisi, mchukueni," na yule anamuona kwenye kompyuta hapo hapo, anajua alishaulizwa nini, alishalala wapi, makaratasi gani yamebaki. Hakuna kumuuliza upya habari za vita na kufiwa. Baba mwenyewe alishangaa, aliniambia tangu atoke Kivu kila ofisi aliyoingia maishani mwake ilimwanzisha hadithi tangu mwanzo, hii ndo ya kwanza kumkuta inamjua.

Habari yake kwa kifupi: alikuwa anafanya kazi ghala la mizigo, shifti ya usiku, sukari ikapanda, miguu ikavimba, akakosa siku nyingi, kazi ikaisha. Hapa Texas ukichelewesha kodi mwenye nyumba anaweza kukupa notisi ya siku tatu tu halafu anakwenda mahakamani, na mahakama zenyewe kesi zinapita haraka, ukiwa hujui Kiingereza unasimama pale unaitikia tu. Akatolewa. Akalala kwenye gari, gari likavutwa na tow, hela ya kuligomboa hana, basi akaishia chini ya barabara kuu pamoja na wengine. Na hapo ndo walipomkuta watu wa autirichi, wale wanaotembea na maji na soksi na tableti mkononi. Wakamuuliza maswali: umelala nje muda gani, una ugonjwa gani, umewahi kulazwa, kuna mtu anakutishia. Majibu yanatoa picha ya nani yuko hatarini zaidi, na huyo ndo anatangulia, sio aliyewahi kufika wala mwenye mtu anayemjua ofisini. Hilo la mwisho nalirudia maana linanigusa: hakuna mjomba.

Kitu cha pili kinachowatofautisha ni kwamba wanatoa nyumba kwanza. Hawasemi acha pombe ndo tukupe chumba, wala tafuta kazi kwanza. Kanisani kwetu hili lilileta ubishi mkubwa, wazee wakasema mnalea uvivu, kwetu mtu anafanya kazi ndo anakula. Naheshimu wazee ila kwenye hili nawapinga wazi. Chukua insulini tu. Dawa hiyo haitaki joto, na Agosti ya Houston jua linapita digrii 35 kivulini, sasa mtu asiye na friji ataihifadhi wapi? Bila insulini miguu haiponi, bila miguu hakuna ghala litakalomchukua. Simu haina chaji, kwa hiyo akiitwa usahili hapokei. Barua ya kazi itumwe anuani gani, nguzo ya daraja? Kibegi chenye vyeti kinaibiwa akisinzia. Mkimwambia atafute kazi kwanza mnamwambia afanye kisichowezekana halafu mnamwita mvivu. Baba yetu alipopata chumba wiki zile za mwanzo alilala tu, alilala mchana na usiku, nikaanza kuogopa, kesi woka akanituliza akasema karibu wote wanakuwa hivyo, mwili umekesha miezi mingi unadai usingizi wake. Baada ya hapo akaanza mwenyewe kuuliza habari za kazi, hakuna aliyemsukuma.

Kabla ya nyumba lakini kuna ukuta wa makaratasi, na hapa Waswahili sikilizeni vizuri. Wanataka kitambulisho cha Texas na kadi ya Sosho (Social Security, namba ya hifadhi ya jamii). Mmarekani aliyepoteza anaanza na cheti cha kuzaliwa, na kuna huduma za makanisa na The Beacon wanasaidia hayo, hata ada wanalipa. Sisi tuna mlolongo mwingine: bila grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, kitambulisho kinasumbua, na grini kadi ikipotea kuomba nyingine ni mamia ya dola, kuna fomu ya kuomba usamehewe ada lakini lazima mtu akujazie, halafu unasubiri. Yule baba kilichomchelewesha ni hiki tu, miezi kadhaa, wakati Wamarekani aliolala nao sehemu moja walishapata funguo. Kesi woka wa kwanza aliyepewa, wa shirika ambalo silitaji, hakujua kabisa karatasi za wakimbizi, alikuwa anamdai cheti cha kuzaliwa cha Kongo! Mtu aliyekimbia usiku na watoto mgongoni, cheti cha kuzaliwa! Tulipomfikisha kwa watu wa ile ofisi ya wakimbizi iliyompokea zamani wakamaliza kwa muda mfupi, walikuwa na kopi za karatasi zake zote. Sasa mimi nauliza, kama mashirika 100 yanaweza kutumia orodha moja, mashirika yanayopokea wakimbizi mbona hayajakaa ndani ya mfumo kwa nguvu ile ile? Houston kwa miaka mingi imekuwa moja ya miji iliyopokea wakimbizi wengi Marekani. Huo ni mwanya mkubwa na unazibika.

Kwenye kutafuta nyumba yenyewe wana timu maalum ya kuongea na wenye maapatimenti, na hii nimeipenda sana. Mwenye nyumba wa kawaida akiona mtu alishawahi kutolewa kwa kesi anakataa, na rekodi hiyo inaweza kukaa kwenye ripoti miaka saba. Hawa wanakwenda wanamwambia kodi ya huyu tunailipa sisi, dipoziti tunatoa, akivunja kitu kuna mfuko wa kufidia, na kukitokea tatizo usiite polisi, piga namba hii anakuja kesi woka. Mwenye nyumba anapiga hesabu anaona bora huyu kuliko chumba kukaa kitupu. Houston ina bahati pia kwamba nyumba ni nyingi na rahisi ukilinganisha na Los Angeles au New York, mji huu unajenga kila mahali, hauna zile sheria kali za kupanga maeneo, kwa hiyo anayetaka kuiga lazima ajue kwamba orodha moja bila vyumba haitoshi. Tangu Januari 2023 kuna pia kituo kwenye mtaa wa Fifth Ward, Housing Navigation Center, mtu anatoka kwenye kambi za mahema za wasio na makazi anakaa hapo kwa muda wakati makaratasi na nyumba vinatafutwa, anaruhusiwa kuingia na mwenza wake na hata mbwa wake. Mtanicheka kwa kusifia mbwa ila kuna watu walikataa shelta miaka yote sababu ya mbwa tu.

Haya, sasa nyota tatu.

Misaada ya nyumba iko ya aina mbili hasa. Mtu mgonjwa sana, mwenye ulemavu, aliyekaa nje muda mrefu, anapewa nyumba ya kudumu yenye huduma, analipa kama asilimia 30 ya kipato chake, kama hana kipato halipi, na kesi woka anaendelea kumtembelea. Hiyo inafanya kazi vizuri mno, wengi wanabaki. Aina ya pili ni ya muda, wanakulipia kodi mara nyingi mwaka mmoja hivi, wewe utafute kazi, halafu uachiwe. Baba yetu alipewa hii ya pili. Na ni hapa ushirikiano unalegea. Upande wa kazi wana mpango unaitwa Income Now unaowaunganisha na Workforce Solutions, ofisi ya ajira ya mkoa huu, na kwa kweli walimuandalia CV, wakamtafutia mafunzo ya forklifti, wakampa na hela ya basi. Kazi akapata. Tatizo ni hesabu. Kima cha chini cha Texas bado ni dola 7.25 kwa saa, ghala linalipa zaidi ya hapo, tuseme 15, kabla ya makato haifiki hata 2,700 kwa mwezi na chumba kimoja cha maana ni 1,100 kwenda juu, bado umeme wa AC, bado dawa, bado gari, maana maghala yako huko nje ya Beltway, ile barabara kuu inayozunguka jiji, ambako basi la METRO usiku haliendi au linaenda kwa shida. Mtu mwenye afya atabana atapita. Mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye sukari akikosa wiki mbili tu tumerudi pale pale. Mwezi ambao msaada wa kodi ulikuwa unaisha ulikuwa na hofu kubwa kuliko hata siku za daraja, ananiambia "mwanangu, kule chini nilikuwa sina cha kupoteza." Aliponea kwa sababu kesi woka wake wa pili, mama mmoja makini sana, alipigania aongezewe miezi, na kanuni zinaruhusu kufika mpaka 24, akahamia pia apatimenti ya watu wawili na Mkongo mwenzake wakagawana kodi. Sasa anajilipia. Lakini alipona kwa bidii ya mtu mmoja, na huduma nzuri haitakiwi kutegemea umeangukia mikono ya nani.

Kesi woka nao wamezidiwa, hilo liko wazi, wanaacha kazi, anakuja mpya, na kila akija mpya mteja anapoa. Mishahara yao yenyewe wengine haijawaacha mbali na hao wanaowasaidia. Na pesa nyingi zilizosukuma mambo haraka tangu 2020 zilikuwa za Korona, jiji na kaunti walianzisha mpango mkubwa kwa hela za serikali kuu, zile zilikuwa na mwisho wake. Meya wa sasa John Whitmire anasema anataka kumaliza kabisa kulala barabarani na amekuwa akitafuta vyanzo vipya vya fedha. Namuombea apate, kwa sababu ukiwa na orodha nzuri bila hela ya kodi unabaki na majina tu.

Hiyo nyota moja sasa. Kwa kanuni za serikali kuu, anayehesabiwa hana makazi ili apate nyumba hizi ni yule anayelala nje, kwenye gari, kwenye shelta, sehemu isiyo ya binadamu kulala, au anayekimbia kupigwa nyumbani. Anayelala kwenye kochi la binamu yake hayumo. Na sisi ndo watu wa kochi. Mswahili halali nje mpaka amalize ukoo mzima, atakaa mtaa wa Alief kwa shemeji miezi mitatu, atahamia mtaa wa Gulfton kwa mtu wa kijiji chake, watoto wanne kwenye zulia, wenyeji wenyewe wako hatarini kufukuzwa kwa kuzidisha watu kwenye mkataba. Undugu wetu unatuokoa na barabara, nashukuru Mungu kwa hilo, ila unatuficha pia, hakuna anayetuhesabu na hakuna hela inayopangwa kwa ajili yetu. Nafahamu familia ambayo baba na mama hawajawahi kuongea na shirika lolote kwa aibu, wakidhani huduma hizo ni za walevi. Wenye watoto shuleni jueni hili: sheria ya shule ni tofauti, mtoto anayeishi kwa kujibanza kwa ndugu anatambuliwa kama hana makazi, ana haki ya kubaki shule ile ile na kupewa usafiri, na kila wilaya ya shule ina mtu wake wa kushughulikia hilo. Muulizeni. Hiyo haiwapi nyumba lakini mtoto hahami shule kila mkihama kochi.

Ningependa kuona The Way Home inakaa na viongozi wa makanisa ya Kikongomani na misikiti ya kusini-magharibi, sio kuja kutoa semina na kuondoka, hapana, mtu wetu mmoja awe na uwezo wa kumuingiza mtu kwenye ule mfumo kama wanavyofanya wale wa autirichi. Tunao manesi, tunao madreva, tunao vijana waliomaliza vyuo hapa hapa wanaojua lugha zote mbili. Wanaotafuta wakalimani wa simu wangetupata bure.

Kwa anayehitaji leo: piga 211, ndo namba ya Texas ya misaada, au nenda The Beacon asubuhi mapema. Wakikuuliza jana umelala wapi sema ukweli kama ulivyo. Kama ulilala kwenye gari usiseme "nakaa kwa rafiki" kwa kuona aibu, kwa sababu neno hilo moja linakutoa kwenye orodha. Waulize wazi msaada wako ni wa kudumu au wa muda, unaisha lini, na uanze kudai kuongezewa mapema kabla ya mwezi wa mwisho. Barua zote piga picha ujitumie kwenye imeili. Na simu ikipokelewa sema "Swahili" tu, watakuunganisha na mkalimani, halipiwi, kwa hiyo usikubali mtoto wa darasa la tano ndo awatafsirie mkataba wa nyumba.